Jibu: Mchicha na dania kuoza ndani ya friji

Waalaikum salaam dada. Umesema mchicha na dania unaonunua sokoni Malindi huoza ndani ya friji siku ya pili, na umeuliza kama mtungi wa mchanga mbichi (vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na mchanga uliolowa katikati) utafaa zaidi.

Kagua maji kwanza. Mboga ikifungwa kwenye mfuko ingali na maji ya kuoshea, majani huwa ute. Usioshe mpaka siku ya kupika. Toa majani yaliyochubuka, zungushia kitambaa kikavu cha pamba, tia kwenye mfuko ulioachwa wazi kidogo, weka droo ya chini. Kitambaa kikilowa, badilisha. Dania ikate ncha, isimamishe kwenye glasi yenye maji ya vidole viwili, na mfuko juu bila kukaza.

Halafu majirani zake: ndizi na embe zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, mchicha ukageuka manjano. Zitoe humo. Nyanya ambazo hazijaiva nazo zikae nje, baridi huziharibu ladha.

Mtungi mimi singehangaika nao. Hupoza kwa maji kukauka, na hewa yetu ya pwani ina unyevu tele, hasa mvua za Mei. Huo ni wa bara kukavu.