Jibu: Barua ya kudai mikataba, na uchaguzi unakaribia

Mkuu, umeuliza kama kikundi chenu cha haki za binadamu huko Kondoa kisimame mpaka uchaguzi upite, kwa sababu mmeandikiwa barua ya kudai mikataba ya wafadhili. Msisimame. Sharti la kuwasilisha mikataba limo kwenye kanuni za NGO tangu 2018. Ipelekeni kwa Msajili wa NGO hapa Dodoma, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Tarehe ikififia, ombeni ugongwe tena palepale.

Hofu yenu ina msingi, lakini. Agosti 2020, miezi miwili tu kabla ya kura, akaunti za THRDC, mtandao wa watetezi wa haki za binadamu Tanzania, zilifungiwa, ikalazimika kusitisha shughuli. Inaniuma sana, maana shirika kama hilo likisimama, anayekosa wakili ni mwananchi aliyekamatwa. Kubalianeni na wakili sasa hivi.