Kompyuta ya kuhariri harusi kwa 1,400,000, Wete: anza na umeme, kadi ije baadaye

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Wete. Kwa ufupi umesema una shilingi 1,400,000, unahariri video za harusi kwa Premiere, laptopu inakwama kila ukifungua klipu za kamera, monita na kibodi unavyo, na unataka kujua ununue kadi gani ya grafiki kwanza ndipo utafute vilivyobaki. Waliotangulia karibu wote wamekutajia kadi. Mimi nipo Unguja, kazi yangu ni kuunga na kutengeneza mashine za studio na za maduka ya steshenari, na nasema tofauti na wao: kwa fedha hiyo usinunue kadi kwa sasa. Fungu la kadi litie kwenye pawa saplai (kisanduku kinachoipa mashine umeme), UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) na prosesa yenye grafiki yake ndani.

Naanza na umeme kwa sababu ndio unaomaliza mashine zetu. Umeme wetu unakuja kwa waya wa chini ya bahari, na nyinyi Pemba mmeungwa na Tanga tangu 2010. Kabla ya hapo ilikuwa majenereta ya Wesha. Wakubwa wanaukumbuka mgao wa giza wa Unguja, karibu miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Sasa hatuko huko tena, lakini kukatika na kurudi kwa kishindo kungalipo, na jioni mafriji na pasi zikishawashwa mtaa mzima unaziona taa zinavyofifia.

Kwa hiyo ukifika dukani, kabla hujauliza bei, geuza pawa saplai usome kibandiko. Angalia kwanza mstari wa umeme unaoingia. Ikiandikwa 100-240V, umeme ukishuka mpaka 180 mashine haitajua. Ikiandikwa 200-240V tu, jioni utazimikiwa katikati ya kazi na kulaumu Windows bure. Zipo na za zamani zenye kiswichi chekundu nyuma, 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 ukachomeka kwetu, ni mlio mmoja na harufu, basi.

Halafu shuka kwenye mstari wa 12V, tazama ampea. Prosesa na kadi vyote vinakula hapo. Zidisha 12 kwa ampea zilizoandikwa. Nimewahi kushika moja iliyoandikwa 500W kwa maandishi makubwa ya dhahabu, na chini kwenye 12V ampea 18. Hizo ni wati 216! Na ilikuwa nyepesi mkononi kuliko chaja ya laptopu yako. Tafuta ya 450W au 500W ya kweli, yenye alama ya 80 Plus Bronze, yaani imepimwa na haipotezi umeme mwingi. Ghali kidogo, najua. Lakini ya bei rahisi ikiungua haifi peke yake, inaondoka na madabodi (bodi kuu ya mashine) na diski yenye harusi za watu ambao hawajalipa bado.

UPS ya 650VA inakutosha, maana VA si wati; nyingi za ukubwa huo hazifiki wati 400, na mashine yako haitavuka 200. Chukua ile inayorekebisha volti yenyewe, unaisikia "tak" umeme ukipanda au kushuka. Uliza kama betri inatoka na kubadilishwa, kwa sababu joto letu linazimaliza mapema. Na printa ya leza usiichomeke humo hata siku moja, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo na UPS inalia na kuzima.

Sasa prosesa. Mimi ningechukua Core i5-12400 ya Intel. Iangalie mwisho wa jina: ikiwa na F, iache. F maana yake grafiki ya ndani imezimwa, na wewe ndiyo unayoihitaji. Humo ndani mna sehemu maalumu ya kufungua na kufunga video za H.264 na H.265, ambazo ndizo kamera na simu za siku hizi zinarekodi, na Premiere inaitumia moja kwa moja. Laptopu yako inakwama hapo hapo: prosesa inahangaika kufumbua video kabla hata hujakata klipu. Wauzaji wanapenda kusukuma za F kwa kuwa bei iko chini kidogo, mteja anafika nyumbani, monita nyeusi, anarudi dukani kununua kadi.

Aliyekutajia Ryzen 5 5600G, prosesa ya AMD, hajakosea. Ina viini 6 kama hiyo ya Intel, grafiki yake ni bora kwa michezo, na umesema wadogo zako wanataka kucheza mpira. Lakini harusi ndizo zinazolipa. Ungekuwa unahariri kwa programu ya DaVinci Resolve ningelegeza kamba kidogo juu ya kadi, maana hiyo inaiegemea kadi sana. Umesema Premiere, basi tubaki na Intel.

Madabodi ya H610 inatosha. Hakikisha unapewa ya RAM aina ya DDR4, kwa sababu zipo H610 za DDR4 na za DDR5, majina karibu sawa, na RAM ya moja haiingii kwenye nyengine. RAM zimepanda bei vibaya tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vinapeleka chipu kwenye seva za akili mnemba. Kwa hiyo RAM ni katika vitu vichache ambavyo nakuruhusu kuchukua mtumba bila hofu, haichakai kama diski. Chukua mbili za GB 8, usichukue moja ya 16. Grafiki ya ndani inaazima RAM ya mashine, na zikiwa mbili njia zinakuwa mbili. Ukishaunga, iache MemTest86, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku mzima. Ikitokea kosa hata moja, rudisha.

Diski: SSD (diski isiyozunguka) aina ya NVMe ya GB 500 mpya kwa mfumo na kazi iliyopo mkononi. Angalia isije ikawa SATA yenye umbo lile lile, hiyo inaishia karibu MB 550 kwa sekunde. Diski ya kuzunguka ya kuhifadhia harusi za zamani itakuja fedha ikipatikana. Ya mtumba usinunue, hata muuzaji aape.

Keisi, yaani sanduku la mashine, watu huipuuza. Mimi nitaisemea kidogo kwa sababu ya mjusi kafiri. Studio moja hapa mjini mashine ilikuwa inazima yenyewe, wameshabadilisha RAM, wameshapiga Windows upya. Nilipoitoa madabodi, nyuma yake mjusi amekauka, bapa kama karatasi, mkia umelala juu ya nukta za risasi karibu na soketi ya umeme, na pale pameungua duara jeusi. Alipita nyuma, kwenye matundu ya kadi ambayo muungaji alivunja vibati vyake na kuyaacha wazi. Kwa hiyo keisi yako iwe na vibati vyote, na wavu wa vumbi mbele. Vioo na taa za rangi achana navyo. Wete bahari iko karibu, chumvi inaingia na upepo, na baada ya mwaka utaziona skrubu zimeshika kutu. Siku mashine ikikataa kuwaka, kabla hujaita fundi, zima, chomoa waya, toa RAM, sugua yale meno ya shaba kwa raba ya penseli, futa, rudisha. Nusu ya mashine ninazoletewa msimu wa masika zinapona hivyo. Na msimu huo usiiache siku nyingi bila kuwashwa, joto lake lenyewe linafukuza unyevu.

Ukipiga hesabu ukaona fedha haitoshi, usiguse pawa saplai wala UPS. Badilisha i5 kwa i3-12100, nayo isiwe na F. Ikiwa bado haifiki, nunua mashine ya ofisi iliyotumika, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, umbo la mnara, yenye i5-8500. Hapo chunga mambo mawili. Madukani zimejaa zenye prosesa za kizazi cha 6 na cha 7 kwa bei ya kutamanisha, lakini Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. La pili, pawa saplai nyingi za Dell zina soketi za kwao wenyewe, huwezi kutia ya kawaida ikifa. Hizo ukizichukua, chukua za kufanyia kazi kama zilivyo, usizipange kuwa za kukuza.

Kadi itakapofika zamu yake, GTX 1650 inatosha. Inatumia wati 75 na nyingi haziongezi waya, zinakula kwenye madabodi. RX 580 za bei chee usishawishike. Nyingi zilikuwa zikichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum mpaka uchimbaji ulipokoma Septemba 2022, na zinameza umeme. Zipo pia feki, hasa zinazoitwa GTX 1050 Ti, ndani ni chipu kuukuu iliyoandikwa jina jipya. Ukiiona ina tundu la buluu la VGA, iweke chini. Ukitaka uhakika, waambie waiwashe mbele yako na programu ya GPU-Z, yenyewe inasema kama ni feki.

Ununue wapi? Kariakoo bei ziko chini, sibishi. Lakini weka na nauli ya mzigo, ushuru bandarini, na siku kitu kikiwa kibovu nani atakirudisha. Mimi ningenunua Kariakoo vile visivyoharibika ovyo, prosesa na keisi. Pawa saplai, UPS na madabodi nunua Chake au Unguja, kwa mtu unayeweza kumfuata dukani kwake. Madabodi ya Intel ya aina hii pini ziko kwenye bodi yenyewe, nyembamba kama nywele, kwa hiyo kile kifuniko cha plastiki kisitolewe mpaka prosesa iko tayari kuingia, na kisitupwe, maana ukirudisha bila hicho wengi hawapokei. Ukija kuchukua vitu Unguja, prosesa, RAM na SSD tia kwenye mkoba wako wa mkononi. Keisi na UPS ndivyo viende chini na mizigo, na UPS iandike ubavuni isilazwe, vijana wa bandarini wanarusha.