Shokapu za mtumba: nikague nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha bodaboda kati ya Igoma na Buzuruga. Shokapu za mbele zinavuja oili, na nimepata jozi iliyotumika kwa bei nafuu. Je, ninunue? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Ndugu msomaji, unaweza kununua, ila usikubali kukagua zikiwa zimefungwa kwenye mfuko. Pima kwanza kipenyo cha bomba na urefu wake, kwani tofauti ya milimita moja ya kipenyo yatosha kuzikataa. Kisha liviringishe kila bomba juu ya kioo bapa: likiyumba, limepinda, na mimi nisingemwamini fundi anayeahidi kulinyoosha. Pitisha ukucha kwenye sehemu inayong'aa, kwa sababu kijitundu kidogo cha kutu, ambacho jicho hukipuuza, hukwaruza sili mpya (mpira unaozuia oili isitoke) hadi oili ianze kuvuja tena. Sili zenyewe nunua mpya, pamoja na oili, na ujaze kiasi sawa pande zote mbili.

Za nyuma ni rahisi zaidi: ikandamize; ikiruka juu ghafla badala ya kurudi taratibu, imekufa, hata kama imepakwa rangi ikapendeza.