Kipaji cha Mbio Ndefu Hakijulikani Mwaka wa Kwanza

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wazazi, walimu wa michezo na vijana wanaokuja kukimbia nasi jioni hapa Arusha ni hili: mtoto huyu ana kipaji, au ni juhudi tu? Wanataka jibu siku hiyo hiyo, mara nyingi wakiwa bado wameshika karatasi ya matokeo ya mbio za wilaya. Nimekimbia mita 10,000 na nusu marathoni kwa miaka mingi, sasa nafundisha, na jibu langu halijabadilika. Kwenye mbio ndefu kipaji kipo na kina uzito mkubwa, ila mwaka wa kwanza hukioni. Unachokiona mwaka wa kwanza ni mambo mengine.

Chukua mbio za nyika za shule za sekondari. Wamesimama mstarini vijana wa kidato cha pili, wote umri mmoja kwa cheti. Mmoja ameshabalehe: sauti nzito, mapaja yamejaa, kifua kimepanuka. Wa pembeni yake bado ni mtoto kabisa. Wa kwanza anashinda kwa dakika nzima, tunapiga makofi, mwalimu anasema "hicho ndicho kipaji". Miaka miwili baadaye yule mdogo naye amekua na lile pengo limeyeyuka. Wakati huo wa kwanza ameshazoea kushinda bila kujikaza, na wa pili pengine ameshaacha kukimbia kwa sababu aliambiwa mbio si fani yake. Nimeona vijana wengi wakipotea kwa njia hii, na inaniuma, kwa sababu kosa si lao. Ni sisi watu wazima tuliotoa hukumu mapema.

Kisha kuna maisha ya nyumbani. Binti aliyekulia Mbulu au Karatu, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambaye tangu darasa la kwanza anakwenda shule kwa miguu, anarudi kwa miguu, na jioni anapanda kilima na ndoo ya maji kichwani, anafika mstarini akiwa na miaka ya mazoezi ambayo hakuna aliyeyaita mazoezi. Moyo wake umeshazoea kazi, na miguu na mishipa imeshakomaa. Ukimshindanisha na mtoto aliyekuwa akipelekwa shule kwa bajaji, utakuwa umepima walivyolelewa, na kuhusu kipaji chao hujajua lolote.

Sisemi kwamba malezi ndiyo yote. Watoto wengi mno wametembea kwenda shule Karatu, lakini aliyetoka huko akaenda Christchurch mwaka 1974, akaongoza mita 1,500 za Michezo ya Madola tangu mwanzo, akamwacha John Walker wa New Zealand nyuma yake na kuvunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2, ni Filbert Bayi peke yake. Alikuwa na miaka 20. Mwaka uliofuata, Kingston, akavunja na rekodi ya maili. Mtu akiniambia hiyo ni juhudi tupu, simkubalii. Kuna kitu Bayi alizaliwa nacho.

Kitu hicho ni nini hasa? Kwa nilivyoona na kusoma, sehemu yake kubwa ni namna mwili unavyopokea mazoezi. Miaka ya 1990 watafiti wa Marekani na Kanada walichukua watu 481 kutoka familia mbalimbali, watu wasiofanya mazoezi, wakawapandisha kwenye baiskeli za mazoezi mara tatu kwa wiki kwa wiki 20. Kila mtu alifanya kazi iliyolingana na uwezo wake. Mwishoni walipima kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia, kipimo muhimu mno kwa mkimbiaji wa mbio ndefu. Kwa wastani watu walipanda kwa karibu mililita 400 kwa dakika. Lakini wapo ambao karibu hawakupanda kabisa, na wapo waliopanda kwa zaidi ya lita nzima. Na tofauti hizo zilifuata familia: ndugu walifanana.

Maana yake ni kwamba kuna kipaji cha kuanzia na kuna kipaji cha kupokea, na mtu anaweza kuwa na kimoja akakosa kingine. Anayeanza nyuma anaweza kuwa ndiye mwenye mwili unaopokea vizuri kuliko wote, na hutamjua mpaka umpe mazoezi na muda. Tena hata waliopokea kidogo wasikate tamaa haraka. Mwaka 2017 watafiti wa Zurich walitoa matokeo ya jaribio lao: watu ambao hawakupanda baada ya wiki sita waliongezewa saa mbili za mazoezi kwa wiki, kwa wiki sita nyingine, na safari hii wote wakapanda. Wengine wanahitaji dozi kubwa zaidi, basi.

Kuna mfano mwingine ambao huwa nawaeleza vijana wangu kwa kirefu, wa Paula Radcliffe wa Uingereza. Mwaka 1992 alikuwa bingwa wa dunia wa nyika kwa vijana, kwa hiyo kipaji alikuwa nacho, hakuna ubishi. Mtaalamu aliyempima mwaka baada ya mwaka alikuta kwamba kiwango chake cha juu cha oksijeni kilibaki pale pale tangu alipokuwa na miaka 18. Kilichobadilika ni matumizi: kwa kasi ile ile, mwili wake ulikuja kuhitaji oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15, kama gari lililorekebishwa injini likaenda mbali zaidi kwa lita ile ile. Ilimchukua zaidi ya miaka kumi ya kilomita nyingi. Mwaka 2003 akakimbia marathoni ya London kwa saa 2:15:25, na rekodi hiyo ilisimama miaka 16.

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros walimaliza marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo kwa muda mmoja, 2:09:48, kwenye joto kali. Petros alijitupa mbele mpaka akaanguka mstarini. Simbu alimpita kwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika historia ya mashindano hayo. Nililia, sioni haya kulisema. Siku ile watu walizungumza kana kwamba Simbu ameibuka usiku mmoja. Itazame njia yake ya marathoni: Olimpiki ya Rio 2016, wa tano. Mashindano ya dunia London 2017, shaba. Olimpiki ya Tokyo, ambayo marathoni yake ilikimbiwa Sapporo 2021, wa saba. Michezo ya Madola Birmingham 2022, fedha. Boston, Aprili 2025, wa pili. Dhahabu ilikuja akiwa na miaka 33. Kati ya shaba na dhahabu ni miaka minane ya kuamka alfajiri, na ndani ya miaka hiyo ipo misimu ambayo hakuna gazeti lililomtaja.

Kabla yake Mtanzania mwingine, Juma Ikangaa, alikuwa wa pili marathoni ya Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na mara ya kwanza alizidiwa na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja tu. Katikati ya miaka hiyo, 1989, akashinda New York kwa 2:08:01. Mtu anayepima kipaji kwa matokeo ya mbio moja angemwambia Ikangaa nini baada ya Boston ya 1988?

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kujipa miaka miwili, ikiwezekana mitatu, ya mazoezi yasiyokatika kabla hujajihukumu. Na kukazana kila siku sivyo ninavyomaanisha. Hapa ndipo vijana wetu wengi wanaharibikiwa: kila jioni ni mashindano, kila mmoja anataka kumwacha mwenzake, na baada ya miezi mitatu mguu unauma mbele ya ugoko na mazoezi yameishia hapo. Kaptagat, Kenya, kambini kwa Eliud Kipchoge, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili, ratiba inayojulikana ni uwanjani Jumanne, mbio ndefu Alhamisi, na Jumamosi fatleki, yaani kukimbia ukibadilisha kasi, haraka kisha polepole. Siku nyingine kwa sehemu kubwa ni mwendo mwepesi, wa kuongea. Kama huwezi kusema sentensi nzima bila kutweta, huo si mwendo mwepesi. Punguza.

Weka daftari. Chagua njia moja, mfano kilomita 8 za barabara ya vumbi, uikimbie mara moja kwa mwezi kwa mwendo ule ule wa kuongea, asubuhi, ukiwa umelala vizuri. Andika muda, andika ulivyojisikia. Muda ukipungua huku pumzi ikiwa ile ile, mwili unapokea. Kipimo hiki kinaniambia mengi kuliko nafasi ya ngapi umeshika kwenye mashindano, kwa sababu nafasi inategemea nani amekuja siku hiyo.

Muda ukikwama au ukirudi nyuma, anza na afya kabla ya kutaja kipaji. Nilimfundisha binti mmoja ambaye ghafla alianza kuachwa na wenzake aliokuwa akiwaacha yeye. Kwenye kilima alichokuwa akikipanda akiimba, sasa anasimama katikati, mikono magotini. Watu wazima waliomzunguka walisema amevimba kichwa, wengine wakasema kipaji kimekwisha. Nilimvuta kope la chini la jicho, ndani palikuwa peupe. Alipopimwa, hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, ilikuwa gramu 9 kwa desilita, wakati kwa mwanamke isishuke chini ya 12. Hedhi nzito, chakula kisicho na nyama wala dagaa wiki nzima, na mazoezi juu yake. Daktari alimpa dawa za kuongeza madini ya chuma, nyumbani wakaongeza maharage, dagaa na machungwa, na chai akaacha kuinywa pamoja na chakula kwa sababu inazuia madini hayo kuingia mwilini. Baada ya miezi kadhaa alirudi mbele ya kundi. Nawasihi makocha wenzangu, hasa mnaofundisha mabinti: pimeni damu kabla ya kumwambia mtoto hana kipaji. Na vidonge vya chuma visinunuliwe kienyeji, daktari ndiye aseme.

Kama afya ni nzuri na bado umekwama, jaribu umbali mwingine. Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa na miaka 18, akiwashinda Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Mwaka 2012 alishindwa hata kuingia timu ya Kenya ya Olimpiki. Wengi wangeona safari imekwisha. Mwaka uliofuata akahamia marathoni. Yaliyofuata dunia nzima inayajua. Kwa upande mwingine Mkenya mwenzake Kelvin Kiptum hakusubiri uwanja umchoshe: alianza marathoni akiwa na miaka 23 tu, Valencia 2022, na akakimbia kwa 2:01:53. Mwaka uliofuata akaweka rekodi ya dunia ya 2:00:35 Chicago. Huyo nani atamkatalia kipaji? Lakini kocha wake alieleza kwamba kwa wiki alikuwa akikimbia kilomita zaidi ya 250, kazi ambayo miili mingi ingevunjika. Kule kuihimili pia ni kipaji, na kisingeonekana asingejaribu.

Lipo neno ambalo wahamasishaji hawapendi kulisema, nami nalisema kwa sababu nawapenda vijana hawa: ukijituma si lazima ufike Olimpiki. Nimekaa na kijana aliyefanya kila kitu sawasawa kwa miaka. Alilala mapema, hakukosa mazoezi, damu yake nzuri, umbali tumebadilisha mara mbili. Akafika dakika 32 za mita 10,000, na pale pakawa ndio mwisho. Kumwambia "hujakaza vya kutosha" kungekuwa dhuluma. Nilimwambia ukweli, kwamba mwili wake umetoa ulichonacho na kwamba riziki ya mbio itakuwa ngumu. Akaenda chuo cha ualimu. Leo anakimbia kwa sababu anapenda, na watoto wa shule yake wanamfuata barabarani alfajiri.

Ndiyo maana nawaomba wazazi jambo moja zaidi. Mtoto akishinda mbio akiwa na miaka 15 au 16, msimwachishe shule. Atakuja mtu mwenye ahadi za kambi, viatu na safari za nje. Huenda ahadi ni za kweli, huenda si za kweli. Mwambieni asubiri. Mazoezi ya asubuhi na jioni yanatosha kabisa kwa umri huo, na marathoni isiguswe kwanza. Mkataba ukiletwa, usomwe na mzazi pamoja na mtu anayejua sheria, ukurasa kwa ukurasa, kwa lugha mnayoielewa, na mtoto asitie saini siku hiyo hiyo.