Mwingiliano Ukikataa, Usiufute

Juzi dada mmoja anayesoma shahada ya uzamili aliniandikia: "Kaka, mwingiliano wangu umetoa p ya 0.18. Msimamizi anasema niutoe kwenye modeli. Nifanyeje?" Nilisoma ujumbe wake nikiwa ndani ya daladala ya Chamwino, kifua kikabana. Mwingiliano ni pale athari ya kitu kimoja inapotegemea kitu kingine, na p kubwa namna hiyo huhesabiwa kuwa ushahidi hautoshi. Na mimi niliambiwa hivyohivyo, nikatii.

Nilikuwa nimewahoji wakulima wa mtama wa Bahi na Chamwino. Dhana yangu ya tatu ilisema samadi huongeza mavuno zaidi pale mkulima alipochimba matuta ya kukinga maji. Kila mzee aliniambia hivyo: kwa mvua zetu hizi chache, samadi bila unyevu huunguza mimea. Kompyuta ikakataa: p ikatoka kubwa. Nikafuta mwingiliano, nikafuta na dhana yenyewe, nikaandika kana kwamba sikuwahi kuiwaza. Siku ya kutetea tasnifu, mtahini alifungua pendekezo langu la utafiti, akauliza kwa upole, "Dhana ya tatu imeenda wapi?" Nikakosa jibu. Miezi minne ya masahihisho. Bado inaniuma.

Niliporudia, niliubakiza. Niliandika koefisienti yake, yaani makadirio ya ukubwa wake, pamoja na mipaka ya kuaminika ya asilimia 95, iliyoanzia chini kidogo ya sifuri na kupanda mbali juu. Data yangu haikusema matuta hayasaidii, ilisema haijui. Jamani, hayo ni mambo mawili! Mwingiliano ulio nusu ya athari kuu, yaani athari ya samadi kwa ujumla, huhitaji sampuli kubwa takriban mara 16 ya ile inayotosha kuiona athari kuu yenyewe. Kaya zangu hazikufika hata mia mbili.

Grafu ndiyo iliyonisumbua. Kwanza nilichora mistari miwili, wa wenye matuta na wa wasio nayo, ikiachana vizuri, bila mikanda ya kuaminika, yaani kivuli kinachoonyesha mipaka ya kila mstari: uongo mtupu. Nikaweka mikanda, ikafunikana kwa sehemu, lakini kufunikana kwa mikanda si kipimo cha tofauti. Mwishowe nikachora tofauti yenyewe: nukta moja ya makadirio na mstari wa mipaka yake unaovuka sifuri. Hiyo ndiyo ya kuonyesha. Usigawe data mafungu mawili useme "huku p ni ndogo, kule ni kubwa, basi yanatofautiana." Na kumbuka, mwingiliano ukiwa ndani, koefisienti ya samadi inamhusu asiye na matuta tu, kama kwenye data umempa namba sifuri.

Kwa hiyo dada, mjibu msimamizi kwa adabu, lakini usifute. Mimi niliandika: "Data hizi haziwezi kutofautisha kati ya matuta kutobadili kitu na matuta kukuza sana faida ya samadi." Mtahini aliiwekea vema pembeni.