Mumeo Hana Mwanamke, Ana Bamvua

*Shangazi, mimi ni mzaliwa wa Voi, nimeolewa Lamu miaka tisa. Mume wangu ni nahodha wa jahazi la kubeba mawe na mchanga, na mwanangu mkubwa, niliyemzaa kabla ya ndoa hii, ni baharia wake. Miaka mingine chombo hutengenezewa Mombasa, nao hukaa nyumbani wiki mbili tu. Mwaka huu wamerudi nchi kavu miezi mitatu, tangu Mei, na nyumba yangu imevurugika. Mume analala barazani. Pesa zote zinaishia kwenye pamba na misumari. Tena anatoka usiku: siku ya kwanza baada ya isha, ya pili saa mbili na nusu, ya nne saa nne kasoro robo, na anarudi usiku mkubwa ananuka mafuta. Baada ya siku tano akatulia, akalala nyumbani siku kumi, kisha akaanza tena. Mama yake anajua anakokwenda na anampelekea chakula. Nimemwambia auze jahazi anunue boti ya mashine, amekasirika. Je, nidai talaka?*
*Mke wa Nahodha, Matondoni*

Mwanangu, pole kwa kukosa usingizi. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako imejaa ushahidi wa kumtetea mumeo, na umeuandika kwa mkono wako mwenyewe.

Tazama hizo saa ulizohesabu. Kila usiku anachelewa kutoka kwa dakika kama arubaini kuliko usiku uliopita. Hakuna hawara anayepanga miadi hivyo. Yanayokwenda hivyo ni maji ya bahari. Siku tano nje na kumi ndani, kisha tena, hiyo ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na maji mafu, siku ambazo hujaa na kupwa kidogo tu. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwenye pwani yetu maji ya bamvua hupwa sana karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Wakati wa maji mafu hayapwi vya kutosha mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo, ukauke, kwa hiyo anabaki nyumbani. Na hayo mafuta anayonuka ni shahamu, mafuta ya mnyama ya kupaka chombo.

Sasa nikueleze anachofanya, maana miaka tisa hukuuliza. Jahazi huletwa ufukweni maji yakiwa yamejaa, likaachwa lipwelewe. Maji yakianza kutoka, linakaa juu ya mkuku wake, na pasipo kushikiliwa linalala ubavu. Ndiyo maana huwekwa gadi, miti mitatu minne kila upande, na chini ya kila mti huwekwa kipande cha ubao usizame kwenye tope. Gadi haziwekwi mara moja zikaachwa. Maji yakijaa chombo kinaelea na zinalegea. Yakitoka tena lazima mtu awepo azipange upya, iwe mchana iwe saa mbili ya usiku. Chombo kikiangukia ubavu mmoja na mzigo wa maji kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo, mbao zinaachana na taruma, mbavu za chombo, zinapasuka. Nahodha anayelala usiku wa bamvua hana chombo asubuhi.

Akishakitia gadi ana saa tatu au nne za kazi. Kwanza wanakwangua magugu na chaza, kisha wanapitisha moto wa makuti chini ya tumbo la chombo ili mbao zikauke. Pamba ya kalafati, ya kuziba nyufa za mbao, inasokotwa nyembamba, inalowekwa mafuta, inapigwa kwenye mshono kwa chembeu, patasi butu, na nyundo. Ikilegea hutoka chombo kinapoyumba. Ikikazwa kupita kiasi, mbao zikivimba majini zinasukumana mpaka misumari inakatika. Halafu ndiyo deheni: shahamu inayeyushwa motoni, chokaa iliyochekechwa inatiwa kidogo kidogo mpaka iwe nzito kama uji, inapakwa kwa mikono ingali vuguvugu, kwa sababu ikipoa haishiki. Deheni haipakwi kwenye mbao mbichi, na mwezi wa Mei Lamu ni mvua. Miezi mitatu ina bamvua sita tu. Mvua ikila mbili, hesabu mwenyewe alizobakiwa nazo. Hakai nchi kavu kwa uvivu, wala hakutengenezei wewe visa.

Kwa nini asiache tu? Kwa sababu maji yetu ni ya moto na yana mdudu anayetoboa mbao. Chombo kisichopakwa deheni huliwa kwa ndani huku nje kinaonekana kizima, na siku utakayopata habari, mumeo na mwanao wamo ndani yake na shehena ya mawe. Hizo pesa za pamba na misumari ndizo zinazowarudisha nyumbani.

Nimeisoma barua yako tena. Umeandika "nyumba yangu". "Nyumba yetu" sikuiona hata mara moja. Kwa miaka tisa umekuwa nahodha wa nyumba hiyo peke yako, na sasa amerudi mtu mwenye miguu na maoni. Unachokiita vurugu ni mumeo kuwapo. Kulala barazani nako kusikuumize: mtu aliyezoea kulala sitahani, juu ya chombo, hawezi chumba kisicho na upepo, na huamka usiku wa manane kwa mazoea ya zamu. Mtandikie hapo nje vizuri, umfungie chandarua, maana huko baharini mbu ni wachache na huku mvua zimewaleta. Mlango usiufunge kwa komeo.

Ndoa za siku hizi zimejaa upelelezi na hazina maswali. Mke anajua saa ya mwisho mumewe aliyokuwa mtandaoni, hajui kazi yake ina misimu mingapi. Mume anajua bei ya kila kitu, hajui mkewe alimpelekaje mtoto hospitali yeye akiwa safarini. Wanaishi pamoja kwa simu, na wakikutana ana kwa ana kwa miezi mitatu wanaonana wageni, kisha mmoja anataja talaka kabla hata hawajakaa wakaulizana. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Wewe ulimwandikia Shangazi kabla ya kumuuliza aliyelala hatua kumi kutoka kwako.

Mumeo naye ana lake. Kuondoka usiku bila kusema "nakwenda chomboni" ni kosa, hasa kwa mke asiyekulia kwenye vyombo. Mwambie nimesema: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nyumba ndiyo ngama yake, asiitie maji kwa kunyamaza.

Pesa zipangeni hivi. Kusi kali, upepo wa kusini wa Juni na Julai, haina mapato, na kila mwaka inajulikana. Basi kuanzia kaskazi, upepo wa kaskazini, kila safari, kabla ya mabaharia kugawana, fungu la chombo litengwe, na mumeo akishapata lake atenge la miezi ya kukaa. La nyumba ushike wewe, la chombo ashike yeye, na asikope huku kununua kule. Unga, mchele na mafuta ya miezi mitatu vinunuliwe Aprili, kabla hajarudi.

Kuuza jahazi ununue boti ya mashine, usilirudie neno hilo. Petroli inanunuliwa kila safari, upepo haununuliwi, na boti hiyo haibebi mawe yanayowalisha. Talaka usiitaje kabisa, huna sababu.

Mkweo hamfichi mwanawe. Anajua maji yanapwa saa ngapi, na anajua mtu aliyeshinda kwenye tope na shahamu hawezi kungoja hadi saa saba ya usiku ndipo ale. Mwendee, umtake radhi kwa uliyomdhania, umwombe akufundishe kuhesabu bamvua kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu: kumi na nne hadi kumi na nane, kisha ishirini na tisa hadi tatu. Zamu ijayo sufuria iwe mkononi mwako. Na Agosti wakishakishua chombo, yaani kukishusha majini, usishtuke ukisikia chombo kinavuja siku mbili za mwanzo. Mbao zilizokauka zinahitaji muda wa kuvimba, na wao watakuwa wanakumba maji usiku kucha, kwa hiyo wapikie wali wa watu wengi.