Mteja akija na bima, usikimbilie kung'oa kioo

Wadau wa vioo vya magari, hasa nyie mnaofungua ofisi huku kanda ya ziwa, leo naomba niongelee wateja wa bima, kwa sababu ndio wanaoleta hela nzuri na ndio hao hao wanaoweza kukufungia ofisi ukiwachukulia kienyeji. Kazi ipo, kila mtu anaiona. Barabara ya Shinyanga kuanzia Buhongwa mpaka Usagara malori ya kokoto hayalali, ya Musoma kutoka Igoma kwenda Kisesa hivyo hivyo, na tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 watu wa Sengerema na Geita hawakai tena kusubiri kivuko, mtu kioo kimepigwa jiwe asubuhi yuko kwako, mchana anataka awe njiani kurudi. Sasa hapo ndo presha inapoanza maana mteja ana haraka, anasema ana bima kubwa, ile inayolipa hadi madhara ya gari lake mwenyewe, na we kioo chake unacho stoo.

Subiri kwanza.

Kitu ninachotaka ukishike ni hiki: klemu, yaani dai la kulipwa na bima, ni ya mteja, sio yako. Mkataba wa bima ni kati yake na kampuni, we humo ndani haumo. We ni fundi, na ni shahidi wa kile ulichokikuta kwenye kioo, basi. Ukianza kujibeba kama vile we ndo unadai, unapiga simu kwa niaba yake, unamwambia "usijali bro bima italipa yote", siku kampuni ikikataa unabaki na kioo chako kimeshabandikwa kwenye gari la mtu, gundi imekauka, na hakuna karatasi hata moja inayosema nani anakudai na nani unamdai. Nimeona ofisi nzuri kabisa hapa Mwanza mjini zikisota kwa hilo, hela ya mtaji yote imelala kwenye magari yanayopita mbele yao kila siku.

Cha kwanza kabisa angalia ni bima gani. Wateja wengi wanajua tu kwamba wana bima, hawajui ni ya aina gani. Bima ndogo haimlipi kioo chake mwenyewe, ile ipo kwa ajili ya madhara anayomsababishia mtu mwingine. Mama mmoja na Noah yake alikuja ofisini akawa mkali sana, "mwanangu mimi nimelipia bima juzi tu", na kweli alikuwa amelipia, ila ni ndogo. Mtu kama huyo usimjibu mkato, kaa naye umweleweshe taratibu, halafu mpe bei ya kawaida na kama ufa unazibika mwambie unazibika ili asiingie gharama ya kioo kizima. Alinishukuru na mpaka leo ananiletea watu. Na usiamini maneno, siku hizi stika ni za kielektroniki, unaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, mtandaoni unaona kama bima iko hai na inaisha lini. Ni dakika moja hiyo, fanya mteja akiwa amesimama hapo hapo aone na yeye.

Wenye bima kubwa mara nyingi ni magari ya makampuni, ya migodini, na magari ya mkopo maana benki nyingi hazikubali kukukopesha gari bila bima kubwa. Na hapa kuna kitu watu wanakipita sana: anayeleta gari sio mwenye bima. Anakuja dereva. Dereva anasema bosi kasema badilisha. Dereva wa Hiace ndo kabisa, yeye anawaza hesabu ya jioni, gari likikaa kwako siku mbili hakuna wa kumlipa hiyo hesabu kwa hiyo atakusukuma ufungue kioo sasa hivi. Mwelewe, ila mpigie mwenye gari. Jina lililo kwenye mkataba wa bima ndo linalotoa taarifa kwa kampuni, ndo linalojaza fomu ya dai, ndo linalosaini. Dereva ni wa muhimu kwa maelezo ya tukio tu, ilikuwa wapi, saa ngapi, lori lilikuwa linatoka upande gani, na maelezo hayo aandike yeye kwa mkono wake, usimwandikie wala usimpangie maneno.

Halafu mwambie mwenye gari atoe taarifa mapema, siku hiyo hiyo kama inawezekana, maana ucheleweshaji ni sababu rahisi sana ya dai kuyumba. Jiwe tu la barabarani kampuni nyingine hazihitaji mambo ya polisi, ila kama ni ajali yenyewe, wamegongana, basi ataulizwa karatasi za polisi wa trafiki, na hizo anazifuatilia yeye sio wewe. Kama kioo kimevunjwa na wezi pia aende polisi kwanza kabla hata hujafagia vipande.

Sasa hesabu, hapa naomba utulie kwa sababu ugomvi wote huwa unatoka hapa. Kwenye bima kubwa kioo cha mbele mara nyingi kina kipengele chake peke yake na kipengele hicho kina ukomo wa hela. Mwambie mteja akuletee mkataba, sio stika, mkataba wenyewe, msome pamoja. Tuseme ukomo wake ni laki 5. Kioo na ufundi kwako ni laki 7, na kama umesajiliwa VAT unaongeza asilimia 18 ambayo ni 126,000, jumla 826,000. Bima inatoa laki 5, kwa hiyo 326,000 ni ya mteja mwenyewe, na hapo bado hujaangalia kama kuna eksesi, ile sehemu ya dai ambayo mkataba unasema mteja aibebe mwenyewe. Mtu aliyeambiwa "bima italipa" halafu siku ya kuchukua gari anaambiwa atoe laki 3 na ushee anakuona tapeli, hata kama hujamwibia hata senti. Mimi namwandikia mwanzo kabisa kwenye fomu ya kupokea gari: bima ikilipa kiasi hiki, mteja atalipa kiasi hiki, bima ikikataa kabisa mteja atalipa chote. Anasaini. Akikataa kusaini tunaagana vizuri tu, sijapoteza kitu.

Baada ya hapo unatoa kotesheni, kioo mstari wake, gundi na mpira mstari wake, ufundi mstari wake. Usirundike vyote kwenye namba moja. Kampuni ikija kulipa inaweza kukata kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kwenye malipo yako kabla hujayapata, kwenye ufundi, na kama umerundika mtabishana kodi inakatwa kwenye nini. Wakikata waombe cheti cha hiyo kodi, itakusaidia kwenye hesabu zako za TRA.

Kotesheni ikienda, unasubiri idhini ya maandishi. LPO (oda ya maandishi ya kukupa kazi), barua, imeli, chochote ila kiwe na jina la kampuni, namba ya gari na kiasi walichokubali. Simu ya wakala sio idhini. Hata wakala awe rafiki yako, hata awe anakuletea wateja kila wiki, yeye anauza bima, anayeidhinisha malipo ni mtu mwingine ofisini na huyo mtu hajui mliongea nini kwenye simu. Kuna kampuni moja iliwahi kunikatalia kazi kwa sababu tarehe ya invoisi ilikuwa siku moja kabla ya tarehe ya LPO! Kazi ilikuwa safi, kioo sahihi, ila tarehe ndo hivyo. Ilibidi mwenye gari mwenyewe aandike barua ya kueleza ndo wakalipa.

Wakati unasubiri piga picha, na hili nalisema kwa uzito. Gari zima na namba ionekane, kioo kwa nje, kioo kwa ndani, namba ya chasisi, na ufa wenyewe kwa karibu ukiwa umeweka sarafu ya shilingi 500 pembeni ili mkaguzi wa kampuni ya bima aone ukubwa. Hiyo sarafu inakusaidia na wewe kuamua, alama ya jiwe ambayo ni ndogo kuliko sarafu na haiko mbele ya macho ya dereva wala haijafika ukingoni mara nyingi unaweza kuivuta hewa, ukajaza resini, ile gundi nyepesi ya kuzibia, ukaikausha kwa taa yake na kioo kikaendelea na kazi. Kioo cha mbele ni vioo viwili vina karatasi ya plastiki katikati, ndo maana kinapigwa kinabaki mahali pake, tofauti na cha pembeni kinachomwagika chembe chembe. Kama unaweza kuziba, ziba. Ni hela ndogo kwako leo lakini kampuni za bima zinapenda fundi ambaye hawaambii "badilisha" kila siku, na kile kioo alichokuja nacho gari kutoka Japani mara nyingi kimekaa vizuri kuliko kitakachofuata.

Na kioo kikuukuu usitupe. Andika namba ya gari juu yake kwa maka peni, kiweke pembeni mpaka mkaguzi aseme amemaliza nacho.

Sasa kuhusu wale wanaotaka ushirikiane nao. Atakuja mtu na ufa wa miezi, anataka useme umetokea jana. Ufa wa zamani unajulikana jamani, vumbi limeingia ndani, maji ya mvua yameacha doa, waipa imeshapita juu yake mpaka kingo zimekuwa butu, na mkaguzi aliyezoea anaona ndani ya sekunde chache. Mwingine anataka uandike umebadilisha kioo wakati umeziba tu, mgawane. Mwingine ni wakala mwenyewe, anataka umuwekee cha juu. Kataa wote, na kataa bila kuzunguka. Huo ni wizi, na anayeumia sio kampuni peke yake, ni yule mzee mwenye dai la kweli kabisa atakayekuja kwako wiki ijayo, karatasi zake zenye muhuri wako zikaanza kutiliwa shaka tangu mapokezi.

Kuna wakati mteja ana haki kabisa na kampuni inamzungusha. Inauma kumwangalia, ila hapo pia kumbuka dai ni lake. Msaidie kwa kumpa nakala za kila kitu, picha, kotesheni, maelezo yako ya kifundi yenye saini, na umweleze kwamba aanze kwa kulalamika kwa maandishi kwenye kampuni yenyewe, wakimkaushia aende TIRA, wana ofisi ya kanda hapa hapa Mwanza, na pia kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambaye yupo kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya watu kama yeye. Wateja wengi hawajawahi hata kusikia hivi vitu.

Mwisho ni siku ya kukabidhi. Soma tyubu ya gundi inasema gari likae muda gani kabla ya kutembea na usimpunguzie mtu hata kama anawahi kivuko cha Ukerewe, kioo ambacho gundi haijashika hakimsaidii akipata ajali. Akague, apige maji aone kama kinavuja, asaini kwamba ameridhika, umkate risiti ya EFD ya kile alicholipa yeye, na invoisi ya bima itoke siku hiyo hiyo pamoja na nakala ya LPO na hiyo karatasi ya kuridhika. Usiweke mpaka mwisho wa mwezi.